Kabla hujauliza bei ya chumba

Naona msimu umeingia. Ndani ya wiki mbili washkaji watatu, ambao hata hawajuani, wameniuliza swali lile lile: tunataka kwenda kuona matumbawe, tulale wapi? Wote watatu wamenitumia na picha za hoteli wanazozifikiria. Kitanda chenye chandarua cheupe, maua yaliyopangwa umbo la moyo juu ya shuka, bwawa la kuogelea, jua linazama. Nimezihesabu, picha kumi na nne. Hakuna hata moja inayoonyesha bahari ikiwa imekupwa.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Kwa wale ambao hawajawahi, ninachozungumzia ni snokeli, ile ya kuvaa miwani ya maji, kung'ata mrija mdomoni na kuelea kifudifudi huku unatazama chini. Haina mtungi wa hewa, haihitaji cheti, na vifaa unapewa kwenye boti. Ni starehe nyepesi kuliko disko. Tatizo ni kwamba wengi wetu, tunaoishi umbali wa daladala mbili kutoka Bahari ya Hindi, tumewaachia wageni. Mtu amemaliza chuo kikuu, amekaa Dar miaka kumi na mitano, kila Jumapili yuko Coco Beach na sahani ya mihogo, na hajawahi kutia uso majini akafumbua macho. Hata Mbudya na Bongoyo, ambavyo ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, tunavijua kwa chipsi na samaki wa kukaanga. Kwa hiyo mtu kama huyo anapoamua hatimaye kuchanga hela zake na kwenda, roho inaniuma akirudi na picha za bwawa.

Msimamo wangu ni huu: mahali pa kulala hapachaguliwi kwa kuangalia chumba. Panachaguliwa kwa kuangalia mwamba uko wapi, maji yanakupwa saa ngapi wiki hiyo, na upepo gani unavuma. Chumba kije mwisho. Ukishashikwa na usingizi vyumba vyote vinafanana.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayowaangusha wengi. Unguja, siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufikia kama mita nne. Hizo ni zaidi ya watu wawili waliosimama mmoja mabegani mwa mwenzake. Sasa chukua ufukwe ambao umelala kama meza, kama ule wa mashariki ya kisiwa kuanzia Matemwe kushuka Uroa, Bwejuu, Paje hadi Jambiani. Maji yakiondoka pale yanaondoka kweli. Unatembea, unatembea, unageuka nyuma hoteli imekuwa kama kiberiti, na bado hujafika kwenye mwamba wa nje unaovunja mawimbi. Huku katikati utakuta mchanga, majani ya bahari, viti vya pweza, wale viumbe weusi wenye miiba mirefu kama sindano, na kina mama wa mwani wameinama kwenye vijiti na kamba zao, kazi iliyoanza huko mwishoni mwa miaka ya 1980. Pazuri, sikatai. Kwa picha na kwa mazungumzo na wale kina mama ningekwenda hata kesho. Lakini ukitaka kuelea juu ya matumbawe, hapo ulipo umesimama nchi kavu.

Wafanyakazi wenzangu wanne walilipia siku tatu katika hoteli moja ya upande huo, jina naliacha. Tangazo lilisema mwamba wa matumbawe uko mbele ya hoteli. Si uongo, upo: kilomita moja na ushee mbele. Na walikwenda mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu mmoja wao aliona mbalamwezi ufukweni itakuwa na mahaba. Asubuhi ya kwanza wakanywa chai, wakavaa miwani, wakatoka nje saa tatu na nusu. Bahari haipo. Ikarudi alasiri pamoja na upepo, maji yamevurugika, kijana wa boti akasema leo haiwezekani, labda kesho. Kesho ikawa vivyo hivyo, ila imechelewa kwa dakika hamsini. Siku ya tatu wakakodi gari wakaenda kaskazini, wakalipa na boti, wakaona samaki kwa muda usiofika saa nzima. Walipolalamika mapokezi wakajibiwa kwamba bahari ni kazi ya Mungu. Ni kweli kabisa. Lakini jedwali la maji halijafichwa na mtu, na mwenye hoteli analijua kuliko anavyojua namba ya simu ya mke wake.

Bibi yako wa Pemba, kama unaye, hahitaji hata jedwali. Anahesabu mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani tarehe mosi na tarehe kumi na tano za mwezi mwandamo pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na kwa Unguja yanakupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Katikati ya hapo, tarehe nane au tisa na zile za ishirini na tatu, ni maji mafu: bahari haiendi mbali, mkondo unapungua nguvu, na maji huwa yamejaa mida hiyo hiyo ya saa nne asubuhi, jua likiwa bado na adabu. Kwa mtu anayejifunza, hizo ndizo siku zake. Kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Hesabu yote ni hiyo. Imekaa kwenye kalenda ya msikitini, bure, na sisi tunaosoma vyuo tunashindwa kuisoma.

Kwa hiyo kama bosi amekupa ruhusa ya Ijumaa hadi Jumatatu na imeangukia bamvua, usilale mashariki kwa ajili ya snokeli. Lala Nungwi au Kendwa, ambako ufukwe unaingia kina haraka na unaweza kuogelea karibu saa zote. Au lala mjini kabisa, kwenye gesti za Mkunazini au Malindi, kwa sababu boti za upande wa magharibi zinaondoka pale pale kwenda Changuu na Bawe, na jioni unarudi Forodhani kula urojo. Watu wa likizo huwa wanaudharau mji, wanauona ni wa kulala usiku mmoja kabla ya boti ya Dar. Mimi nauona ni kambi nzuri ya bei nafuu kwa mtu mwenye siku mbili.

Upepo nao una maneno yake. Kusi, kati ya Juni na Septemba, inaipiga pwani ya mashariki usoni. Upande wa magharibi unakuwa umejikinga na kisiwa chenyewe. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, maji ni ya vuguvugu na mara nyingi yanaonyesha mbali zaidi. Masika, Aprili na Mei, vyumba vinashuka bei na mwenye gesti anakuita mwanangu, lakini mvua inamwaga tope baharini na unaweza kukaa siku nne ukitazama dirishani. Mimi ningetafuta ile miezi ya Oktoba na Novemba, kabla bei za Krismasi hazijapanda.

Sasa niseme kuhusu Nungwi, maana najua nitashambuliwa. Kila mtu anakwambia Nungwi. Nungwi kuna muziki, kuna machweo, kuna mashua zinachongwa ufukweni kama zamani. Sawa. Ila boti yako ya snokeli ikitoka Nungwi inakwenda Mnemba. Na zikitoka Kendwa zinakwenda Mnemba. Na magari yanayoondoka mjini asubuhi yanakwenda Matemwe, watu wanashushwa, wanapanda boti, wanakwenda Mnemba. Wote wanafika mida ile ile, baada ya chai ya hoteli. Mara ya mwisho nilipokuwa pale niliacha kuhesabu boti zilipofika ishirini. Kisiwa chenyewe kina hoteli binafsi, wewe na mimi hatukanyagi mchanga wake, kwa hiyo sote tunabanana majini pembeni. Ukitoa uso majini unakutana na mguu wa mtu. Pomboo wakipita ndiyo balaa, injini zote zinawashwa, kila nahodha anataka abiria wake waruke mbele yao, na wale wanyama wanabaki kukimbia kama wezi wa kuku.

Na kuna anayesimama juu ya tumbawe ili arekebishe miwani. Jamani, tumbawe si jiwe. Ni mkusanyiko wa wanyama wadogo wanaojenga nyumba ya chokaa, na yale makubwa ya mviringo yanaongezeka karibu sentimita moja kwa mwaka. Lililofika kimo cha mtu mzima huenda lilikuwapo kabla Sultani Barghash hajajenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Pezi moja la plastiki, dakika moja.

Je, nasema usiende Mnemba? Hapana, samaki wake ni wengi na rangi zake zinastahili safari. Nasema lala mahali panapokuwezesha kufika kabla ya wengine. Kijijini Matemwe, au Muyuni, kuna vyumba vya kawaida vya wenyeji, na kuna manahodha wa pale pale ambao watakuondoa saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukiwaomba jioni yake. Ukiwa wakati wa bamvua utarudi maji yamekupwa na itakubidi ushuke mbali na kutembea na viatu mkononi. Haidhuru. Utakuwa umepata saa nzima na nusu ya bahari tulivu, na wakati yale magari kutoka mjini yanaegesha, wewe unakula chapati na pweza.

Kuna jambo jingine nyuma ya haya yote, nalo ndilo linalonifanya niandike badala ya kuwajibu wale washkaji watatu kwa ujumbe mfupi. Mwamba unaokwenda kuutazama hauna uhakika wa kutusubiri. Mwaka 1998, mwaka wa El Niño, bahari ilipata joto, matumbawe ya pwani yetu yote yakatema vile vimelea vya rangi vinavyoyalisha, yakawa meupe, na mengi yakafa. Ikaja tena 2016. Ikaja tena 2024, mwaka ambao wanasayansi walitangaza wimbi la nne la matumbawe kupauka duniani. Juu ya hayo weka baruti. Uvuvi wa mabomu ulipiga pwani ya Tanzania kwa miongo kadhaa, na mwamba uliopigwa baruti unabaki kifusi cha vipande vyeupe visivyotulia, hakuna kinachoshika juu yake kwa miaka. Joto la bahari wewe na mimi hatuwezi kulizuia kwa kuchagua gesti. Lakini mwamba usiovuliwa ovyo, usiotiwa nanga na usiokanyagwa una nafasi zaidi ya kuinuka baada ya joto kupita. Na hapo kitanda chako kinaingia, kwa sababu hela ya kitanda inakwenda kwa mtu, na mtu huyo ama anaulinda mwamba au anautumia tu kama picha ya ukutani.

Mfano wa anayeulinda ni Chumbe, kile kisiwa kidogo kusini ya Mji Mkongwe chenye mnara wa taa wa mwaka 1904. Upande wake wa magharibi ulitangazwa hifadhi mwaka 1994. Hakuna kuvua, hakuna kuzamia kwa mitungi, ni snokeli tu. Vibanda vya wageni ni saba, saba kweli, maji yao ni ya mvua iliyovunwa juu ya paa, umeme ni wa jua, vyoo havitumii maji. Waliowekwa kulinda mwamba tangu mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya karibu, na hela za wageni zinagharamia wanafunzi wa Zanzibar kupelekwa kule kujifunza, wengine kwa mara ya kwanza kuangalia chini ya maji. Aina za samaki zilizohesabiwa ni zaidi ya mia nne. Ukitoka pale ukaenda kwenye mwamba wa kawaida unaona tofauti kama ya soko la Kariakoo asubuhi na saa nne usiku.

Bei yake? Si ya mfuko wa mwandishi wa habari. Nimeshawahi kufikiria kuuza jokofu. Wanapokea pia wageni wa kutwa vyumba visipojaa na maji yakiruhusu, na hilo ndilo ningemshauri mtu wa kipato chetu: lala mjini kwa bei ya kawaida, weka hela ya siku moja ya Chumbe. Ni bora kuliko usiku mmoja zaidi kwenye bwawa.

Lakini ukiniuliza mimi binafsi, bila kuzunguka, nakwambia Mafia. Watu wa Dar tunaitania Mafia kwa jina lake na hatuendi. Hifadhi ya bahari ya kule ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza Tanzania, kilomita za mraba 822, na ndani yake kuna vijiji vinavyoishi, vinavua, vinaoza mabinti na kugombana na wahifadhi juu ya nyavu na maeneo yaliyofungwa. Naipenda kwa sababu hiyo hiyo. Si bustani iliyozungushiwa ukuta, ni mahali ambapo watu wanabishana kila siku jinsi ya kula bila kumaliza.

Hapo tena swali la kulala wapi linarudi, na lina jibu. Kilindoni, upande wa magharibi, ndiko kuna mji, uwanja wa ndege, gati na gesti za bei ya kuchekesha. Lakini upande huo unatazama mdomo wa Rufiji, maji yana tope. Matumbawe yako mashariki, kwenye ghuba ya Chole, kwa hiyo lala Utende au vuka ulale Chole kwenyewe, asubuhi boti iko mlangoni. Wanaolala Kilindoni kwa kuokoa hela wanaimaliza kwa bodaboda za kwenda na kurudi kila siku, nimeshaipiga hiyo hesabu. Isipokuwa kati ya Oktoba na Machi, wakati papa potwe wanakuja kula karibu na Kilindoni. Samaki mkubwa kuliko wote duniani, hana habari na nyama yako, unaelea pembeni yake ukiwa umeshika pumzi. Kwa huyo, usiku mmoja Kilindoni unatosha, kwa sababu anatafutwa asubuhi bahari ikiwa imelala. Usimguse, na ukiona nahodha anamkatia njia mwambie, wewe ndiye uliyelipa.

Kufika si lazima ndege. Kuna kivuko kutoka Nyamisati, Kibiti, na magari ya Nyamisati yanapatikana Mbagala. Inachosha, lakini inafika.

Wasomaji wangu wa Nairobi na Mombasa msinune, kanuni ni ile ile kwenu. Kila mtu analala Diani, halafu anapakiwa gari alfajiri kwenda Shimoni kuona hifadhi ya Kisite, anafika pamoja na Diani nzima. Kwa nini usilale Shimoni, au uvuke Wasini, kisiwa kisicho na magari, ambako kikundi cha kina mama kimejenga njia ya mbao inayopita juu ya mikoko na bustani ya matumbawe ya kale? Unaamka uko jirani na mwamba, na shilingi yako imelala kijijini pamoja na wewe.

Najua kuna wanaosoma huku wanasema, mwenzetu anaongea kama samaki, sisi hata kuogelea hatujui. Tulio wengi hatujui, na hakuna haja ya kuona haya. Ndiyo sababu nyingine ya kuchagua kwa makini. Gesti ndogo yenye nahodha anayejulikana kwa jina ni salama zaidi kwako kuliko boti ya papasi uliyemkuta ufukweni, kwa sababu yule wa kwanza utakutana naye jioni kwenye chakula. Vaa jaketi okozi, shika boya la kuelea, mwambie mwongozaji akuvute taratibu. Sehemu nzuri za snokeli ni zile za maji mafupi, mita mbili au tatu, na uso ukiwa ndani ya maji hofu inasahaulika haraka kuliko unavyodhani. Nimeshuhudia mhasibu wa kilo mia na kumi akigoma kutoka.

Mavazi: fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana vinakutosha. Vinakinga mgongo na jua, na vinakupunguzia kujipaka yale mafuta ambayo Palau na Hawaii zimepiga marufuku baadhi yake kwa ajili ya matumbawe. Dada zangu wa hijabu mko tayari kuliko wote. Kijijini atakayeshangaliwa ni yule anayekatiza mbele ya msikiti na bikini.

Halafu msidanganyike na maneno ya matangazo. "Rafiki wa mazingira" siku hizi yanaandikwa hata kwenye hoteli inayomwaga maji machafu mchangani. Piga simu, uongee na mtu. Muulize boti yao inafungwa kwenye boya au inatupa nanga. Akiuliza boya ni nini, umeshapata jibu. Muulize nahodha anatoka kijiji gani, choo kinakwenda wapi, na tarehe unazotaka maji yanajaa saa ngapi. Muulize na bei ya mkazi, usione aibu, mara nyingi ipo ila haitajwi mpaka uitaje. Na kama anaharakisha kukutajia aina za vinywaji vya baa, mshukuru, kata simu.

Mimi safari hii nimeshachagua. Utende usiku tatu, Kilindoni usiku mmoja, mwezi wa kumi na moja. Nimempigia simu mama mmoja mwenye vyumba vinne na feni, nikamuuliza bei. Akanikatisha: ngoja kwanza mwanangu, mnakuja tarehe ngapi za mwezi? Nikamwambia za kizungu, akanisahihisha, akahesabu, akatusogeza mbele siku tano ili tuwakute maji mafu. Bei akaitaja mwishoni, karibu asahau.

Tupo watu watano, boti inachukua wanane. Asiyejua kuogelea aje, majaketi nimeshauliza, yapo.